Sinia la Ndafu na Kitufe Chekundu

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nchi nzima imepumzika isipokuwa kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu kabla ya harusi. Tumekaa hapa kwangu Bariadi tangu saa nne, tumenyanyuka saa nane. Ajenda sita. Tano zilipita bila mimi kuulizwa chochote. Kawaida. Mimi ni baba wa bibi harusi tu.

Mwenyekiti ni kaka Shigela. Sherehe itafanyika nyumbani kwake Nkololo, Jumamosi ya tarehe 19, kwa hiyo mwenyekiti ni yeye. Ingefanyika kwangu, mwenyekiti bado angekuwa yeye.

Ajenda ya sita, muziki. Kaka akasema Danford. Wote wakaitikia kama kanisani. Danford anapiga kinanda cha kwaya, kinanda kipya kutoka Mwanza, funguo sitini na moja. Anakifunika kwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni.

Nikanyoosha mkono. Nikasema wimbo wa kumwingiza bibi harusi nitapiga mimi, kwa chombo ninachokiunda mwenyewe. Kaka akauliza, kwa upole kabisa, kama ni chombo cha aina ya lile jiko la umeme nililomtengenezea mwaka juzi. Jiko lile lilifanya kazi! Siku nzima!

Milembe alikuwa anagawa chai. Akasema mbele ya wote: baba aliahidi. Akaendelea kumimina.

Ni kweli niliahidi. Alipokuwa mdogo, mama yake akienda sokoni, nilikaa naye kibandani kwangu kwenye redio mbovu. Akilia nilimgongea kasha la spika kwa bisibisi: mbili nzito, moja nyepesi, moja ya kuvuta. Ananyamaza. Alipofika miaka saba akaniambia siku ya kuagwa kwake ataingia kwa wimbo ule. Nikasema sawa. Ukiwa na mtoto wa miaka saba unadhani una muda.

Uamuzi wa kamati: majaribio Alhamisi tarehe 17. Chombo kikilia vizuri, namwingiza binti yangu. Kikigoma, Danford anapiga kila kitu kuanzia getini mpaka kufagia uwanja. Siku kumi!

Chombo chenyewe sina. Nina wazo.

Jumatano, 9 Julai

Wazo lenyewe. Sanduku lenye vitufe. Sanduku halina sauti hata kidogo. Ukibonyeza kitufe, kibao chenye ubongo kilichomo ndani kinaiambia laptopu: lia namba tatu. Laptopu inalia namba tatu. Sauti yoyote uipendayo! Ngoma, kengele, hata mlango wa kwa kaka. Wenyewe wanaiita MIDI. Nimeona video moja ya mzungu aliyetengeneza kwa nusu saa. Mimi nimejipa siku nane, kwa unyenyekevu.

Vitufe viwe vikubwa, vya kupiga kwa kiganja, vinavyorudi juu vyenyewe. Bariadi nzima vitufe hivyo vipo mahali pamoja tu: kwenye dubwi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu na kungoja matunda matatu yafanane.

Gharib mwenye duka la vinywaji anayo moja iliyokufa. Imesimama nyuma ya kreti tangu mwaka jana. Nilimtengenezea spika yake ya dukani, akaniambia nichukue nyoka huyo nimwondolee. Nikaifunga kwenye guta la magurudumu matatu. Kosa: sikuifunika. Tumepita nayo katikati ya soko, mimi nimeikumbatia isianguke. Mtu mmoja akanipigia kelele kama nimeshinda mashine nzima. Mwingine akanipa pole.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshakaa na kunywa maji. Mke wangu Kwandu aliniuliza swali moja tu: hilo limekuja kuishi hapa au linapita? Nikasema linapita. Akauliza linapita kuelekea wapi. Nikaenda kutafuta bisibisi.

Ijumaa, 11 Julai

Vitufe kumi na viwili vimetoka salama. Vinne njano, vinne bluu, vitatu kijani. Kimoja chekundu, kikubwa, kimeandikwa START. Nimevisugua kwa dawa ya meno. Vinang'aa! Kibao cha ubongo nacho kimefika kwa basi kutoka Dar, upana wa vidole viwili, ndani ya bahasha kubwa kuliko shuka. Kinachomekwa kwa waya uleule wa kuchajia simu. Maendeleo.

Tatizo: uso wa sanduku. Nimetoboa ubao. Tundu la tatu, ubao ukapasuka. Nimetoboa ubao wa pili. Ukapasuka kwa heshima ya wa kwanza. Sina ubao wa tatu, isipokuwa ule ulioshikilia kitanda.

Kwandu yuko Nyalikungu kwa dada yake mpaka kesho. Nyumba ina utulivu wa kufikiri. Nikaingia stoo kutafuta chochote kilicho bapa. Na pale ukutani, nyuma ya gunia la mpunga, likaning'inia. Sinia! Alumini nzito, duara, kubwa kama tairi la trekta. Vumbi juu yake. Kitu chenye vumbi hakina mwenyewe.

Tundu kumi na mbili. Halikupasuka hata moja. Vitufe vimekaa kwenye mzunguko kama saa ya ukutani, chekundu kimekaa kwenye saa sita. Nimerudi nyuma hatua tatu nikaliangalia. Nimewahi kuona watoto wangu wakizaliwa, kwa hiyo siwezi kusema ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Ni cha nne.

Jumapili, 13 Julai

Nimechomelea waya zote jana na leo baada ya ibada. Kila kitufe kina miguu miwili, jumla waya ishirini na nne. Nimewasha. Nikabonyeza cha bluu.

Vyote kumi na viwili vikalia kwa pamoja! Ngoma, kengele, filimbi, kinubi, mtu anapiga chafya. Jirani yetu Justina akauliza kutoka uani kwake kama tuko salama.

Nimekaa saa mbili nikiutafuta ugonjwa. Sinia ni chuma. Waya zangu ziko uchi. Waya zote zinagusana na sinia, na sinia linapeleka umbea kwa kila kitufe. Mwanafunzi wa kidato cha pili angelijua hili. Mimi ni fundi wa miaka ishirini na sita.

Dawa: mpira. Nimekata ndala vipande kumi na viwili, nikavitandika chini ya kila kitufe. Ndala ilikuwa ya Kwandu, ya kushoto. Ya kulia nimeiacha mzima, nisionekane mharibifu.

Na sasa kinafanya kazi! Kitufe kimoja, sauti moja. Nikagonga mbili nzito, moja nyepesi, moja ya kuvuta. Milembe alikuwa jikoni. Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Alikuja mlangoni na mwiko wake akasikiliza mpaka mchuzi ukaungua.

Jioni Kwandu akasema kesho kutwa nimshushie sinia la ndafu kule stoo alisugue. Lile la umoja wa akina mama wa kanisa, alilokabidhiwa kulitunza. Mbuzi mzima aliyechomwa ataingia uwanjani juu yake, kama ilivyo ada. Scola, katibu wao, atakuja kulikagua.

Nikasema nitaangalia. Sijasema uongo. Nimeangalia sana leo.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda Nkololo kurekodi sauti za nyumbani kwa simu. Sauti za kwenye laptopu ni za kizungu mno, ngoma yake inalia kama mtu anapiga mto. Binti wa Kisukuma aingie na kitu cha kwao.

Nimerekodi kinu kikitwanga. Nimerekodi kengele ya shingoni mwa fahali wa kaka, fahali mwenyewe hakupenda. Nimerekodi mlango wa kaka. Bado sikuwa na mshindo, kitu cha kutikisa kifua.

Ilipofika saa kumi, nikausikia! Mayige, mzee anayechunga ng'ombe wa kaka, alikuwa amesimama kwenye kihori na debe la zamani na rungu. Du! Du-du! Nzito, halafu inavuta mlio mwembamba mkiani. Studio hawana. Nikakimbia na simu nikamwomba arudie. Akarudia kwa sababu ilikuwa kazi yake. Ng'ombe walitoka kwenye mabua pande zote, tisini na ushee, wengine mbio, mikia juu, wakaja kusimama mbele yetu.

Nikamwambia Mayige: unaona, hata ng'ombe wanaupenda! Akaniangalia. Akasema, "Bhabha, debe hili halipigwi bure." Kisha akaanza kuwamwagia mashudu ya pamba.

Maneno ya mtu anayeithamini sanaa yake. Nimemwelewa kabisa. Debe nimelipa kitufe chekundu.

Alhamisi, 17 Julai

Majaribio. Kamati yote sebuleni kwangu. Danford alikuja na kinanda chake na kitambaa chake. Akaliangalia sinia, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, sarafu inaingilia wapi?" Walicheka mpaka shangazi akalegeza kanga. Kaka akabonyeza kitufe cha njano, akainama akingoja tikitimaji. Nikacheka pia. Mtu mkubwa anacheka, anahesabu majina.

Kisha nikapiga. Mbili nzito, moja nyepesi, moja ya kuvuta, kwa kinu na kengele, taratibu, halafu kwa mzunguko. Milembe alisimama karibu na kabati. Akajifuta jicho kwa ncha ya kidole, kama mtu aliyeingiwa na mdudu. Hapana mdudu mwezi huu.

Kumalizia nikawagongea chekundu mara moja. Du! Kaka akakaa wima. Akasema imemkumbusha nyumbani, hata hajui kwa nini. Ng'ombe wa maziwa wa Justina aliitikia kutoka ng'ambo ya ukuta kwa sauti ndefu. Nimeichukua kama makofi.

Uamuzi: nimepita! Namwingiza binti yangu. Danford anapiga yaliyobaki. Alinipa mkono. Kiganja kilikuwa baridi kidogo, nimesikia.

Kwandu peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia chombo changu kwa upande, kama mtu aliyeona sura anayoifahamu kwenye basi.

Ijumaa, 18 Julai

Scola amekuja kukagua sinia.

Nikasema liko kwenye matengenezo. Scola akauliza sinia linatengenezwa nini. Swali gumu. Nikataja kutu. Akasema alumini haipati kutu. Mwanamke aliyesoma! Wakati huo Kwandu ameshaingia chumba changu cha kazi, amelipindua sinia, anasoma kwa sauti maneno yaliyochongwa ukingoni: MALI YA UMOJA WA AKINA MAMA. Nililiona andishi lile siku ya kutoboa. Nilidhani ni jina la kiwanda.

Scola akayasoma tena yeye mwenyewe, taratibu, kama Zaburi.

Nikapendekeza mbuzi aingie kwenye ungo. Nikapendekeza mlango wa stoo, ukifunikwa vizuri. Scola akasema mbuzi wa binti wa kanisa ataingia kwenye sinia la kanisa, na tundu zake, ili kila mtu aone. Vitufe vitoke. Leo.

Hapo Milembe akatoka chumbani mwake. Akapiga goti mbele ya Scola, akamwita mayu, yaani mama, akasema kitu kwa sauti ndogo sikukisikia. Scola akashusha mkoba wake. Makubaliano: bibi harusi anaingia saa tisa, mbuzi anaingia saa kumi na moja. Katikati hapo ning'oe vitufe vyote, nioshe, nikabidhi. Majani ya mgomba yatafunika tundu.

Kwandu amesema tukimaliza sherehe tutazungumza. Pia ameuliza ndala yake ya kushoto iko wapi. Siku imekuwa ndefu.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwa ufupi. Moyo umetulia.

Ratiba ilisema bibi harusi saa tisa. Wakwe wetu kutoka Nkoma walifika saa tisa na nusu, salamu za mwadila za kutosha, kusalimiana mpaka wa mwisho. Mzee Maduhu, baba wa bwana harusi, amesalimia hadi wapishi. Saa kumi kasoro ndipo MC akasema tusimame.

Spika nne, kubwa, juu ya viti. Sinia langu juu ya meza. Mikono yangu juu ya sinia. Mlango ukafunguliwa.

Nikapiga. Mbili nzito, moja nyepesi, moja ya kuvuta. Milembe akatoka na wasindikizaji wake, gauni la njano, hatua fupifupi. Hakukosea hata moja, na mimi pia! Alipofika karibu na meza yangu akasimama, ratiba haikuwa na kusimama hapo. Akagonga meza kwa kidole mara nne, palepale kwenye mdundo. Sioni vizuri ninapoandika hapa.

Ningeishia pale. Mtu mwenye akili angeishia pale.

Lakini Danford, bila kuombwa, akaongezea manjonjo juu ya wimbo wangu! Vidole kumi, funguo zote sitini na moja. Watu wakamshangilia. Nikaona wivu umenipanda kutoka miguuni. Nikagonga chekundu. Du! Watu wakageuka kwangu. Danford akajibu. Du-du! Akajibu. Nikakipiga kwa kiganja kama mtu anayeua nzi, spika nne, saa kumi kamili.

Vumbi lilianzia upande wa mabua.

Hawakuvamia. Nataka hilo lieleweke. Walikuja kama watu wenye kadi za mwaliko. Ng'ombe tisini na ushee wa kaka Shigela wakaingia kwa njia ya katikati, palipotandikwa zulia, wakapita wageni kulia na kushoto, wakasimama mbele ya meza kuu. Mmoja akala shada la maua. Mmoja akamtazama MC. Kisha wote wakanigeukia mimi, wakingoja.

Muziki ukazimika. Na hapo mzee Maduhu akasimama, akaomba kipaza sauti. Akashukuru kwa Kisukuma, wabheja! Amehudhuria sendofu nyingi, ameona binti anapewa kanga, sufuria, godoro. Hajaona binti anayeagwa kwa kundi zima, tena linalokuja lenyewe likifuata ngoma! Akauliza kwa heshima kama wahesabiwe sasa au baada ya chakula. Upande wa Nkoma wote ukasimama kwa vigelegele.

Kaka alikuwa na rangi ya majivu. Wageni mia mbili, kamera mbili, na yeye mwenyekiti. Akapokea kipaza sauti kama mtu anayepokea kaa la moto. Akasema, neno moja moja, kwamba kundi limekuja kumuaga mjukuu wa nyumba hii. Na katika kundi, mtamba mmoja mweusi mwenye doa jeupe atabaki kuwa wa Milembe. Waliobaki wanamsindikiza tu, watarudi zizini. Vigelegele tena. Milembe alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke.

Mayige akaja na debe lake. Hakunilaumu. Akasema tu kwamba wameitwa na lazima wale, wasipokula leo kesho hawaitiki. Kamati nzima, kwenye suti zao za sare za rangi ya zambarau, ikabeba magunia ya mashudu. Danford alibeba mawili.

Katika pilikapilika hiyo niling'oa vitufe kwa haraka nikakabidhi sinia. Mbuzi akaingia saa kumi na mbili, mdomoni ana jani la kotimiri, na kando ya shavu lake kitufe chekundu. Nimekisahau! Wengi walidhani ni nyanya. Mke wa mzee Maduhu alikichoma kwa uma mara mbili.

Jumapili, 20 Julai

Siku ya kutafakari.

Asubuhi kaka Shigela alipiga simu. Hakufoka. Amesema kuanzia leo mpaka atakapozikwa nisilete waya wowote Nkololo. Nikamuuliza mtamba anaendeleaje. Akakata.

Milembe alinikuta uani. Harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo, kule Nkoma. Ameniambia wimbo ulikuwa sawasawa, baba, kama wa kibandani. Ameniambia pia kwamba Jumamosi angependa nije na suti tu, mikono mfukoni. Nikasema sawa. Akaniangalia, akanifunga kitufe cha shati, akaondoka.

Kwandu na mimi tumezungumza, yaani yeye. Nimekubali kila kitu. Nimekubali na ya ndala.

Nimekaa na daftari hili nikapitia makosa yangu kwa uaminifu, na nimeyaona. Kosa la kwanza ni spika. Zote nne nilizielekeza upande wa mabua. Zingeelekezwa kwa wageni, ng'ombe wasingesikia. Kosa la pili ni vitufe. Kumi na viwili ni vichache, mtu anapoishiwa sauti nyingine ndipo anapong'ang'ania chekundu. Kosa la tatu ni Danford.

Mzee Maduhu, nimesikia, ana ng'ombe wengi zaidi. Huwaita kwa filimbi, wala hatumii debe. Kwa hiyo chekundu kule hakina madhara yoyote.

Kwandu amenunua sinia jipya la kumfidia Scola. Liko stoo, bado limefungwa kwenye nailoni, litapelekwa kanisani Jumatano. Kubwa kuliko la kwanza. Nimelipima kwa shibiri, kwa kuangalia tu.

Vitufe ishirini na nne vinaenea.